Atakaporudi Amu: Yanayomngoja mwanafunzi wa udaktari katika wodi ya upasuaji wa ubongo

Kaunti ya Lamu ilihesabiwa watu 143,920 katika sensa ya 2019. Lengo linalotajwa mara kwa mara na wataalamu wa upasuaji wa ubongo duniani ni bingwa mmoja kwa kila watu 200,000. Ziweke hesabu hizo mbili pamoja, uone zinasema nini. Hata Kenya ikijaaliwa kupata mabingwa wa kutosha kwa kipimo hicho, wakazi wa visiwa vya Amu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, ukiwajumlisha na wa upande wote wa bara wa kaunti hiyo, hawatimizi fungu la bingwa mmoja. Mtu akiangukia kichwa Kizingitini, au pikipiki ikimbwaga kwenye lami ya Garsen, atakayempokea kwanza ni daktari wa kawaida, afisa wa kliniki au muuguzi. Huyo ndiye atakayeamua, kwa mikono yake na tochi yake, kama majeruhi alazwe na kuangaliwa au asafirishwe usiku huohuo.

Kwa sababu hiyo, zile wiki chache ambazo mwanafunzi wa udaktari hupitishwa katika wodi ya upasuaji wa ubongo zina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Vijana wengi huziingia wakiamini ni wiki za wale wachache watakaokuwa mabingwa, na kwamba wengine kazi yao ni kuhudhuria, kutia saini na kupita. Kwa kijana wa Faza, Siyu au Shela anayesomea Nairobi au Eldoret, imani hiyo ni hasara. Huenda asiwahi tena kukaa karibu na bingwa wa ubongo maishani mwake, ilhali wagonjwa wa kichwa atawaona kila mwezi. Anachokichukua katika wiki hizo ndicho watu wa kwao watakachokuwa nacho.

Umbali ni sehemu ya ugonjwa

Mgonjwa kutoka kisiwa cha Pate hupakiwa chomboni Mtangawanda. Njia fupi ya kufika Amu ni Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda hutii maji. Yakipwa sana, chombo kizito husubiri. Akifika Amu anapokewa katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya King Fahd. Ikibidi kuendelea, atavushwa hadi Mokowe, kisha barabara: Witu, Garsen, Malindi, Kilifi, hadi Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 300. Wenye uwezo au bahati hupata ndege kutoka kiwanja cha Manda hadi Nairobi.

Katika safari hiyo ndefu ndipo mafunzo ya mwanafunzi yanapopata maana. Ubongo uliojeruhiwa hupigwa mara mbili. Pigo la kwanza huja na ajali yenyewe na halina wa kulirudisha nyuma. Pigo la pili hutokana na hewa kupungua, shinikizo la damu kushuka, damu kuvuja pole pole ndani ya fuvu na ubongo kuvimba. Hilo la pili huja kwa saa, na daktari wa kawaida anaweza kulizuia au kulipunguza. Kipimo cha juu cha shinikizo la damu kikiteremka chini ya 90, matumaini ya majeruhi wa kichwa kupona hushuka nacho. Anayejua hilo hatampandisha mtu mashuani kabla ya kuzuia damu inayomtoka, kumtundikia maji na kuhakikisha koo lake li wazi.

Waliotangulia

Fani hii si ngeni kabisa katika nchi hii. Wakisii walikuwa na mafundi wao wa jadi waliofungua fuvu la mtu aliyesumbuliwa na maumivu ya kichwa baada ya kupigwa au kuanguka, na kazi hiyo imeandikwa na watafiti wengi. Katika hospitali za kisasa, Renato Ruberti aliwasili Nairobi mwaka 1967 akitokea Naples, Italia. Mwaka 1972 Jawahar Dar, kutoka India, alianza kazi katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Mwaka 1979 akarejea Gerishom Sande, aliyesomea Belfast, akawa Mkenya Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo. Katikati ya miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kuwafunza mabingwa wake humu humu nchini.

Wasichana nao wasidhani mlango huu haukukatwa kwa kimo chao. Claire Karekezi alirudi Rwanda mwaka 2018 akiwa mwanamke wa kwanza nchini humo kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo, baada ya kusomea Morocco na Canada. Binti wa Mkomani au Langoni anayependa fani hii ana wa kumtazama, tena wa Afrika Mashariki hii hii.

Alfajiri wodini

Siku huanza mapema. Kabla raundi ya wakubwa haijafika, mwanafunzi anatarajiwa awe amewaona wagonjwa wake, amesoma karatasi za wauguzi za usiku na anajua nani amebadilika. Akisimama mbele ya kitanda, atatakiwa aeleze kwa ufupi: umri, aliumia vipi, saa ngapi, alizimia au hakuzimia, fahamu zake zilikuwaje alipofika na zikoje sasa, mboni za macho, nguvu za mikono na miguu, picha ya CT inaonyesha nini, na mpango ni upi. Akiulizwa asilolijua, aseme halijui, kisha alitafute kabla ya kesho. Wakubwa husamehe kutojua. Jibu la kubuni hawalisamehe, kwa sababu mgonjwa ndiye atakayelipia.

Kazi nyingi za wodi hii hazina fahari yoyote. Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili mgongo usioze. Mdomo wake husafishwa, macho yake hufunikwa yasikauke, mkojo hupimwa, mpira wa kulishia huangaliwa. Mwanafunzi mwerevu hushika upande mmoja wa shuka na kumsaidia muuguzi. Sista aliyekaa wodi hii miaka mingi hutambua mgonjwa anayezama kabla ya mashine, na humfundisha kijana aliyemuamkia kwa heshima na kushika kazi pamoja naye.

Kabla ya siku ya kwanza, kuna mambo ayapitie upya: tabaka za kichwa kuanzia ngozi hadi ubongo, njia za maji ya ubongo, mishipa mikuu ya damu, na ramani ya neva za uti wa mgongo zinazohisi ngozi na kuamuru misuli. Ajifunze pia kusoma picha ya CT kwa utaratibu uleule kila mara. Damu mbichi huonekana nyeupe. Iliyokusanyika nje ya utando mgumu wa ubongo hubinuka pande zote mbili kama lenzi, na iliyo chini ya utando huo hutandaa kwa umbo la hilali. Atazame kama mstari wa katikati umesukumwa upande. Mwenye kushika hayo machache anaweza kueleweka kwenye simu na bingwa aliye mbali.

Hesabu ya 15

Kati ya yote atakayofundishwa, mwanafunzi wa visiwani ashike zaidi kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Macho yana alama 4, maneno 5, viungo 6. Mtu mzima wa afya ana 15. Wa chini kabisa ana 3, kwa kuwa hakuna sifuri. Anayefika 8 au chini yake hawezi kulinda koo lake mwenyewe, na huenda akahitaji mpira wa hewa kabla ya safari.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakihitaji umeme wala fedha. Kinahitaji mtu makini anayerudia. Alama moja iliyoandikwa mara moja haisemi mengi. Mgonjwa aliyekuwa na 14 saa mbili usiku, 12 saa nne na 9 saa sita amekwisha kueleza hali yake, hata kama hakuna picha iliyopigwa. Aandike alama za kila sehemu peke yake, aandike na saa. Barua ya rufaa iliyosema tu kwamba hali ya mgonjwa ni mbaya inampokonya daktari wa Mombasa kitu alichokihitaji kuliko vyote, yaani mwendo wa ugonjwa.

Hapa mwanafunzi wa Lamu ana jambo la kuwafunza wenzake. Sehemu ya maneno hupimwa kwa mazungumzo. Bibi wa Amu akiulizwa maswali kwa Kiingereza au kwa Kiswahili cha haraka cha Nairobi, kisha akajibu kwa Kiamu kwamba kitwa chamuuma na mato hayaoni vyema, anaweza kuandikiwa kuwa anababaika na kupunguziwa alama asizozipoteza. Mgonjwa aulizwe kwa lugha ya nyumbani kwake. Ikiwa hakuna anayeijua, aitwe jamaa yake asaidie.

Baada ya hesabu huja tochi. Mboni moja ikipanuka na kukataa mwanga ilhali fahamu zinashuka, upande huo huenda ubongo unabanwa na muda ni mfupi mno. Shinikizo la damu likipanda, mapigo ya moyo yakipungua na pumzi zikiyumba, hiyo ni ishara aliyoieleza Harvey Cushing zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na huja mwishoni. Daktari mzuri hutenda kabla haijafika.

Atafundishwa pia kuogopa utulivu wa uongo. Mtu hugongwa ubavuni mwa kichwa, huzimia kidogo, huamka, huongea, huomba chai. Jamaa humshukuru Mungu na kumrudisha nyumbani. Ndani, mshipa uliopasuka chini ya mfupa wa panja unaendelea kuvuja, na baada ya saa chache anaanza kusinzia. Huyu akipasuliwa mapema anaweza kurudi kazini mwake. Akiachwa alale, anakufa kwa ugonjwa uliokuwa na dawa.

Na kuna mzee aliyejigonga wiki kadhaa nyuma, pigo dogo hata hakulitaja. Leo anasahau majina ya wajukuu, anaburuta mguu mmoja, na nyumba nzima inasema ni uzee au kiharusi. Damu inayokusanyika pole pole chini ya utando hufanya hivyo hasa. Tundu dogo likitobolewa fuvuni na damu hiyo ikatolewa, wengi wao hurejewa na akili na miguu yao. Mwanafunzi aliyemwona mmoja wao akitembea kutoka wodini hatamdharau tena mzee yeyote anayebadilika.

Chumba cha upasuaji

Siku ya kuingia thieta, ale asubuhi. Upasuaji wa uvimbe wa ubongo unaweza kuchukua saa nyingi, na mwanafunzi husimama muda wote. Akihisi kizunguzungu, arudi nyuma na kuketi chini mapema. Hakuna aibu katika hilo, aibu ni kuangukia meza ya vyombo safi. Asiguse meza hiyo wala kilicho juu yake bila kuambiwa, na aulize maswali yake wakati kazi imetulia.

Ataona ngozi ya kichwa inavyotoka damu nyingi kuliko anavyodhani, na ataelewa kwa nini jeraha la ngozi ya kichwa pekee linaweza kumtia mtoto hatarini. Ataona mfupa ukitobolewa na kuinuliwa, kisha utando, kisha ubongo wenyewe ukipwita na mapigo ya moyo. Kwa wengi huo ni wakati wa kunyamaza na kumtaja Muumba. Ashike na funzo lililopo: fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani mna ubongo, damu na maji. Kimoja kikiongezeka, kingine sharti kipungue, la sivyo shinikizo hupanda na ubongo husukumwa kuelekea tundu la chini ambako vimo vituo vya pumzi. Akielewa hivyo ataelewa kwa nini kichwa cha mgonjwa huinuliwa nyuzi 30, kwa nini shingo isipindishwe, na dawa ya manitoli hutolewa kwa sababu gani.

Atajifunza na dawa za kuacha. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2004, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa dawa za steroidi huongeza vifo vya majeruhi wa kichwa. Zinafaa kwa uvimbe unaotokana na saratani, ila haziwafai hawa. Utafiti mwingine wa mwaka 2019 ulionyesha faida ya asidi ya traneksamiki kwa wenye majeraha madogo na ya wastani ya kichwa, ikitolewa ndani ya saa 3. Kisiwani, saa 3 zinaweza kwisha mgonjwa akiwa bado chomboni. Dawa hiyo inastahili kuwa karibu na pale anapopandia.

Watoto wa vichwa vikubwa

Sehemu moja ya wodi itamgusa moyo kuliko nyingine: watoto wenye maji kichwani na wenye mgongo wazi. Atashika futi ya kushonea na kupima mzingo wa kichwa cha mtoto mchanga, ambao wakati wa kuzaliwa huwa karibu sentimita 35. Atajifunza kwamba mzingo unaoruka mistari ya kadi ya kliniki kila mwezi ni wito wa rufaa, na kwamba mtoto huyo hapaswi kusubiri mpaka macho yake yaangalie chini.

Kanda hii imetoa mchango mkubwa katika matibabu hayo. Katika hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, Benjamin Warf alikabili tatizo ambalo watu wa Lamu watalielewa. Mrija unaowekwa kuteremsha maji ya ubongo tumboni huweza kuziba, na mtoto aliye mbali na hospitali anaweza kufa kabla ya kufika. Akaendeleza njia ya kufungua mlango mpya wa maji ndani ya ubongo kwa darubini, pamoja na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza, ili watoto wengi wasihitaji mrija. Mwaka 2012 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya MacArthur ya Marekani. Umbali wa mgonjwa na hospitali ulibadilisha namna ya kupasua.

Mgongo wazi nao una kinga. Mfereji wa neva za mtoto hufungika ndani ya siku 28 za mwanzo wa mimba, kabla akina mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Vidonge vya asidi foliki, mikrogramu 400 kwa siku, vianze kabla ya hapo. Kenya iliagiza mwaka 2012 kwamba unga wa viwandani urutubishwe. Mwanafunzi akirudi likizo, mazungumzo yake na dada zake na shangazi zake juu ya jambo hili ni tiba tayari.

Jamaa walio nje ya mlango

Nje ya wodi kuna watu waliosafiri usiku kucha. Mama ameacha watoto kwa jirani, kaka ameuza kitu ili apate nauli. Mwanafunzi ndiye watakayemsimamisha kwanza, kwa kuwa yeye haonekani kuwa na haraka. Asiwape matumaini asiyoyamiliki wala asikimbie. Amsalimie mkubwa wao, ajitambulishe kuwa ni mwanafunzi, asikilize, kisha amwite daktari anayehusika. Wakimuuliza kuhusu kisomo, au wakimwambia kuwa degedege la kijana wao lilitokana na jini, asiwabeze. Dua na dawa hazijawahi kugombana kitandani. Ugomvi huanza mganga au daktari anapotaka mgonjwa amkatae mwenzake.

Atakutana na mauti, na mara nyingine ya kijana wa rika lake. Kwa familia ya Kiislamu kutoka visiwani, kuzika haraka ni wajibu, na maiti inapaswa kurudi njia ile ile ndefu, barabara kisha bahari. Daktari anayejua hilo huharakisha karatasi. Mwanafunzi aliyelemewa na msiba atafute wa kuzungumza naye, mwalimu au mwenzake. Kunyamaza mwezi mzima hakumfanyi mtu kuwa shujaa.

Ajue pia kwamba nafasi yake ndogo ina wajibu. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, wagonjwa wawili walichanganywa, na fuvu la asiyehitaji upasuaji likafunguliwa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji tangu mwaka 2008: jina, sehemu na upasuaji vitajwe kwa sauti kabla ya kisu. Mwanafunzi aliyemsalimia mgonjwa asubuhi na kuliona jina lake mkononi ana haki, na faradhi, ya kusema kwamba huyu siye.

Mzigo wa kurudi nao

Akimaliza wiki zake, basi, apime alichokipata kwa maswali haya. Je, naweza kutoa alama ya Glasgow bila kitabu na kuirudia kila nusu saa? Naweza kumgeuza aliyeanguka kutoka mnazini, kichwa na kiwiliwili kwa pamoja, shingo imefungwa kola, na kumlaza juu ya ubao ambao mawimbi hayatautikisa ovyo? Naweza kumpigia simu bingwa nikaeleza kisa kwa dakika mbili? Naweza kuandika barua ambayo daktari wa zamu atasoma na kutenda? Anayejibu ndiyo kwa yote manne ameshapata sehemu kubwa ya fani hii inayowezekana kisiwani.

Serikali ya kaunti na vyuo vina yao ya kutenda. Wanafunzi wa kutoka Lamu wapewe nafasi ya kufanya sehemu ya mafunzo yao ya hiari King Fahd, wakiwa na mkubwa wa kuwaongoza, ili wajifunze rufaa kutoka upande unaoituma. Vituo vya afya vya Faza na Kizingitini viwe na kola za shingo, oksijeni na karatasi ya Glasgow iliyobandikwa ukutani. Waendeshaji bodaboda wa Mokowe, Hindi na Mpeketoni wavae helmeti, na abiria wao wavae pia. Nambari ya simu ya bingwa wa zamu ijulikane na kila anayelala zamu visiwani.

Bingwa ataendelea kuwa Mombasa au Nairobi, na hesabu ya watu inatuambia ataendelea kuwa huko kwa muda mrefu. Mwanafunzi anayeanza mzunguko wake Jumatatu ijayo asiruhusu hilo limvunje moyo. Akae karibu na kitanda, aulize, ahesabu, aandike saa. Kisiwani kwake kuna watu watakaoishi kwa sababu alikuwa makini katika wiki hizo.